Hadhramaut, nchi ya nyumba za udongo

Watoto, tazameni ramani. Wekeni kidole juu ya Goma, mkisogeze mashariki mpaka Bahari ya Hindi. Pandeni kaskazini, mpite Somalia. Ng'ambo ya bahari ni Arabuni, na pale kusini, katika nchi ya Yemen, iko Hadhramaut. Bandari yake kubwa ni Mukalla.

1. Nchi na hewa yake. Pwani kuna joto jingi. Nyuma ya pwani kuna uwanda wa mawe, mkavu, umekatwa na bonde pana. Bonde la namna hii Waarabu huliita wadi. Hapa Goma kiangazi ni kifupi. Kule miezi mingi hupita bila tone la mvua. Lakini mvua ikinyesha juu, maji hushuka bondeni ghafula. Wakulima huyaongoza kwa mifereji mpaka kwenye mitende na nafaka.

2. Mji wa Shibam. Sisi hujenga kwa mbao na kwa mawe meusi ya volkano. Watu wa Shibam hutumia udongo. Huuchanganya na maji na mabua yaliyokatwakatwa, hufyatua matofali, huyaanika juani. Kwa matofali hayo wamejenga nyumba ndefu, nyingine za ghorofa saba. Nyingi ni za tangu karne ya 16. Mwaka 1982 UNESCO iliuandika mji huu katika Urithi wa Dunia.

3. Wasafiri. Zamani pepo za kaskazi zilileta majahazi yao Mombasa na Unguja. Pepo za kusi ziliyarudisha. Waswahili waliwaita watu hao Washihiri, kwa jina la bandari yao ya Shihr.

4. Adui wa udongo. Paa na kuta za juu hupakwa chokaa. Chokaa ikichakaa, maji hula ukuta. Oktoba 2008 mafuriko makubwa yalibomoa nyumba nyingi bondeni. Mwaka 2015, wakati wa vita, UNESCO iliuweka Shibam katika urithi ulio hatarini.

Sisi twaelewa. Nyiragongo imetupa mawe ya kujengea. Mwaka 2002 moto wake uliteketeza sehemu kubwa ya mji wetu. Moto wa mlima hatuwezi kuuzuia, lakini ufa mdogo twaweza kuuziba. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali
1. Wadi ni nini?
2. Kwa nini nyumba za Shibam hupakwa chokaa?
3. Nyumba yenu imejengwa kwa nini? Nani huitengeneza?