Nani Analala Kitanda cha Pili?

Nimekaa kwenye ofisi ya ushauri wa wanafunzi hapa Dar es Salaam muda wa kutosha kujua kwamba wiki bumu likiingia, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, Jumatatu inayofuata nitapata wageni. Wengine huja kwa miguu yao, wengine huletwa. Wazazi hupiga simu. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mwaka. Nimeyafupisha, na nimeondoa chochote kinachoweza kumtambulisha aliyeuliza.

Mwanangu hakuwa akigusa pombe. Ameingia chuo, sasa naambiwa anakunywa. Si marafiki waliomharibu?

Huenda, mama, lakini tusiwahukumu marafiki mapema. Apendaye pombe huwatafuta wanaoipenda. Ndege wafananao huruka pamoja. Ukiwakuta vijana watano meza moja, wote wamelewa, huwezi kujua kwa kuwatazama kama waliambukizana au walikutana kwa sababu kiu yao ilikuwa moja tangu mwanzo. Ndiyo maana kumuuliza mtu "rafiki zako wanakunywa?" hakutufikishi mbali.

Michael Kremer na Dan Levy walipata njia ya kuyatenganisha hayo mawili. Katika chuo kikuu kimoja kikubwa cha umma huko Marekani, baadhi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakipangiwa wenzao wa chumba kwa bahati nasibu. Hukumchagua, hakukuchagua. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2008, ulifuatilia matokeo ya mitihani. Vijana wa kiume waliopangwa na mtu aliyekuwa akinywa kabla ya kufika chuoni walipata GPA pungufu kwa takriban robo alama, katika kipimo kinachoishia 4. Waliokuwa wakinywa mara kwa mara wao wenyewe, kisha wakapangwa na mnywaji wa aina hiyohiyo, walishuka kwa kama theluthi mbili za alama. Kwa wasichana athari hiyo haikuonekana.

Kilichonishangaza mimi si hizo alama zilizopotea. Ni kwamba ufaulu wa huyo mwenzako alipokuwa sekondari, au hali ya kwao, havikukuongezea wala kukupunguzia kitu cha maana. Ukilala chumba kimoja na kichwa cha darasa hupati akili zake. Ukilala na mnywaji, unapata sehemu ya pombe yake. Na athari hiyo haikuisha walipofika mwaka wa pili; ilielekea hata kukua. Basi haikuwa suala la kukoseshwa usingizi na mlevi anayegonga mlango saa nane za usiku. Kuna mazoea yaliyojengeka.

Kremer huyu ndiye yule wa Busia, Kenya, aliyeshirikiana na Edward Miguel katika utafiti wa dawa za minyoo mashuleni, na mwaka 2019 akawa mmoja wa waliotunukiwa Nobel ya Uchumi. Kule Busia pia waliona kwamba mtoto akitibiwa, hata jirani asiyemeza kidonge ananufaika. Kumbe yanayohama kati ya watu wanaoishi karibu ni mengi, mema na mabaya.

Kwa hiyo mama, kabla ya kuulizia "kundi", muulize kijana nani analala kitanda cha pili. Na kwa jinsi wanafunzi wanavyobebana kwenye hosteli zetu, mwenye kitanda akimkaribisha asiye nacho, muulize pia nani analala sakafuni.

Hosteli yetu kila mtu anapiga vyombo. Nitaishije mimi peke yangu?

Kila mtu? Hebu tuhesabu. Usiku wa Ijumaa korido yenu ina vyumba ishirini. Vyumba vitatu vina muziki, watu wanacheka, chupa zinagongana. Vyumba kumi na saba vimefunga mlango: mmoja anafua, mwingine anaongea na mchumba, wengine wamelala. Asubuhi utasimulia nini? Aliyelala hana kisa.

Mwaka 1986 Wesley Perkins na Alan Berkowitz walichapisha matokeo kutoka chuo kidogo cha jimbo la New York. Wanafunzi wengi walikuwa na msimamo wa wastani kuhusu pombe, lakini waliamini kwamba wenzao ni walegevu kuliko wao. Mwaka 1993 Deborah Prentice na Dale Miller wakaeleza hali hiyohiyo katika chuo kikuu cha Princeton: mwanafunzi alikuwa na wasiwasi wake moyoni kuhusu ulevi uliozagaa chuoni, huku akiamini kwamba mwanafunzi wa kawaida hana wasiwasi kama huo. Na mwenzake wa kawaida naye alikuwa akifikiria vivyo hivyo. Muhula ulivyosonga, misimamo ya wavulana ilisogea kuelekea kule walikodhani wenzao wapo. Walikuwa wanakifuata kivuli.

Nami hufanya zoezi dogo semina ya kwanza ya mwaka. Nagawa vikaratasi, hakuna jina: andika unakunywa kiasi gani, halafu andika unadhani aliyekaa jirani yako anakunywa kiasi gani. Navisoma kwa sauti, kimoja kimoja. Darasa huanza na vicheko. Nikifika katikati hakuna anayecheka; wanaangaliana.

Raundi ina kosa gani? Ni ukarimu tu.

Ni ukarimu, na ndiyo maana ina nguvu. Chukua meza ya watu sita. Mmoja anasema, "Zungusha." Mhudumu anauliza, "Baridi au za moto?" Zinakuja sita. Sasa watano wana deni. Wa pili hataki kuonekana bahili, naye anazungusha. Kufikia wa nne, yule mnywaji wa taratibu ana chupa mbili mbele yake zimepanga foleni hazijafunguliwa, na kila anayekaa anamwambia, "Mbona unatuangusha?" Ikienda mpaka wa sita amalize zamu yake, kila mmoja atakuwa ameletewa chupa sita, hata kama watatu kati yao walitoka hosteli na nia ya mbili.

Tupige hesabu. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina kama gramu 20 za alkoholi halisi. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 au zaidi kwa mkao mmoja kuwa ni unywaji mzito. Yaani chupa tatu. Meza yetu imefika huko katikati ya zamu, na bado kuna watu ambao hawajapata nafasi ya kuonyesha ukarimu wao.

Na rafiki wa rafiki, ambaye hata simjui?

Mwaka 2010 kundi la watafiti, wakiwemo Nicholas Christakis na James Fowler, lilitumia kumbukumbu za miaka mingi za watu wa Framingham, Massachusetts, zaidi ya 12,000. Walisema dalili za unywaji kufuatana zinaonekana hadi kwa rafiki wa rafiki wa rafiki, ilhali majirani na wafanyakazi wenza hawakuwa na athari kubwa. Wako wataalamu wa takwimu wanaopinga. Wanadai hesabu za namna hiyo haziwezi kutofautisha vizuri kuambukizana na kufanana, jambo nililomweleza mama pale juu. Nami nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Tena hao walikuwa watu wazima wenye familia, si vijana wa hosteli. Shughulika na meza yako.

Picha za kwenye status zinachangia?

Zinachangia. Hakuna anayepiga picha chai ya rangi na chapati. Ni ile korido ya vyumba ishirini, ila sasa unatembea nayo mfukoni.

Si chuo kibandike mabango kuwaambia wanafunzi ukweli, kwamba wengi hawanywi sana?

Wamarekani wamejaribu. Chuo kikuu cha Northern Illinois kilikuwa cha mwanzo, miaka ya mwisho ya themanini, na kilipata matokeo ya kutia moyo. Vyuo vingi vikafuata. Mwaka 2003 Henry Wechsler wa Harvard na wenzake walilinganisha vyuo vyenye kampeni hizo na visivyo nazo, hawakuona nafuu. William DeJong aliona nafuu katika jaribio lake lililotangazwa mwaka 2006, akarudia, safari ya pili hakuiona. Nionavyo mimi, bango linazungumza na wote, kwa hiyo halizungumzi na yeyote. Takwimu ya chuo kizima haimgusi kijana ambaye chuo chake ni watu sita. Fedha hizo ningezitumia kuwauliza wanafunzi tabia zao kabla ya kuwapangia vyumba.

Nataka kupunguza, lakini sitaki kuwapoteza washikaji.

Mdogo wangu, usitangaze. Anayetangaza huwageuza wenzake kuwa mahakama. Jilipie mwenyewe tangu chupa ya kwanza, ili usiwe na deni la mtu. Chagua kiti kabla ya kuchagua kinywaji: kaa jirani na yule anayekunywa taratibu, yupo kila meza, ila hasikiki.

Kijana mmoja aliyekuwa akija ofisini kwangu alinisimulia usiku wake. Mbele yake chupa tatu zilikuwa zimepanga foleni. Akazibeba mpaka kaunta, akamwomba mhudumu azirudishe kwenye friji kwa kuwa hazijafunguliwa, ampe maji makubwa. Aliporudi mezani alikuwa amejiandaa kwa matusi. Aliyekaa kushoto kwake, ambaye ndiye aliyekuwa na kelele kuliko wote, akaisogeza chupa yake kwa kidole, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ungeniambia unaenda. Na hii yangu moja ungeipitisha hukohuko."