Miguu ya Mchimba Madini katika Nchi za Baridi

Kijitabu hiki kimeandikiwa watu wa nyumbani, yaani mke au mume, mzazi, au mtoto aliyekwisha pata akili za utu uzima, ambao mtu wao hushuka mgodini katika nchi ambako theluji hukaa ardhini miezi mingi ya mwaka. Watu wasemao Kiswahili wamehamia Kanada na kuweka maskani huko, na maneno yafuatayo yanahusu hasa kaskazini ya jimbo la Ontario: Sudbury, ambako shaba na nikeli ziligunduliwa mwaka 1883 wakati reli ilipokuwa ikijengwa, na Timmins, mji wa dhahabu. Huko, usiku wa Januari, baridi huweza kushuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri. Tunawaandikia ninyi mlio nyumbani kwa sababu mgonjwa mwenyewe aghalabu huyadharau maradhi ya miguu yaletwayo na baridi na mtetemo wa mashine, akidhani kwamba kila mtu wa nchi ile ana miguu baridi, na kwamba mwanamume hapeleki kwa tabibu jambo litakaloondoka akikaa karibu na moto.

Baridi na jasho

Mtu apatwapo na baridi, mwili huibana mishipa midogo ya damu iliyo katika ngozi, na hasa ile ya vidole, ili damu yenye joto ibaki karibu na moyo na ubongo. Na kwa kuwa vidole vya miguu viko mbali na moyo kuliko kiungo kingine chochote, ndivyo vinavyotangulia kunyimwa. Katika mtu mwenye afya hali hiyo hupita, damu ikarejea, rangi ikarejea, na maumivu kidogo ya kuchoma yakafuata kisha yakatulia.

Wala baridi ya mgodini si ya namna moja. Kadiri mtu ashukavyo chini ndivyo mwamba unavyozidi kuwa na joto, hata katika mashimo yenye kina kirefu watu hufanya kazi wakichuruzika jasho, ilhali karibu na mlango wa shimo, katika njia zipitishazo hewa itokayo nje, na juu ya ardhi kwenyewe, baridi ni kali. Basi mchimbaji hutokwa na jasho ndani ya buti la mpira lisilopitisha hewa, au hukanyaga maji yatiririkayo kutoka kwenye mashine, kisha hupanda juu na soksi zilizolowa. Na maji huipokonya ngozi joto lake kwa haraka mara nyingi kuliko hewa kavu. Mguu uliolowa saa nyingi huweza kudhurika hata pasipo barafu, hata hewa ikiwa na nyuzi 10 juu ya sifuri au zaidi. Hayo yaliwapata maelfu ya askari katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, nao wakuu wao wakaona hakuna hila ila kuwaamuru wabadilishe soksi kila siku na kukaguana miguu, kila mtu na mwenziwe.

Mtetemo wa mashine

Hapa ndipo penye jambo ambalo hata matabibu wengi hawalijui, nasi tunaomba lisomwe kwa makini. Mwaka 1862 tabibu Mfaransa, Maurice Raynaud, alieleza habari za vidole vigeukavyo vyeupe kwa sababu ya baridi. Mwaka 1918 Bibi Alice Hamilton, tabibu Mmarekani, alikwenda Bedford katika jimbo la Indiana kuwatazama wachonga mawe ya chokaa waliokuwa wakitumia nyundo ziendeshwazo kwa hewa iliyoshindiliwa, akakuta vidole vya mikono yao vimekuwa vyeupe na kufa ganzi, hususan asubuhi za baridi. Tangu siku hizo mikono ya wafanyakazi ikapata kutazamwa, ikawekewa vipimo na sheria, na waliodhurika katika nchi nyingi wakastahili fidia. Lakini miguu ilisahauliwa, kwa kuwa imefichwa ndani ya buti, na kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba mtetemo huweza kupanda kutoka chini.

Walakini hupanda. Katika migodi ya leo, kabla ya watu kuendelea mbele, dari ya mwamba haina budi itobolewe na kupigiliwa vyuma virefu ili isiporomoke, na mwenye kazi hiyo mara nyingi husimama juu ya jukwaa la chuma lililoungana na mashine ile ile inayotoboa. Mtetemo wote wa mwamba na chuma huingia katika nyayo zake, saa baada ya saa, zamu baada ya zamu. Mitetemo hiyo ya kasi hujeruhi utando wa ndani wa mishipa ya damu na ncha za mishipa ya fahamu, na baada ya miaka mishipa hiyo huwa myepesi kujifunga: baridi kidogo, ambayo mtu mwingine asingeitambua, huifunga kabisa. Vidole huwa vyeupe kama chokaa, kisha samawati, kisha vyekundu na kupwita kwa maumivu damu inaporejea.

Mwaka 2010 matabibu wa Kanada waliandika kisa cha mchimbaji aliyepatwa na hali hiyo miguuni kwa sababu ya kazi yake, na katika chuo kikuu cha Laurentian, huko huko Sudbury, wataalamu wamejitahidi kuichunguza miguu ya wachimbaji na majukwaa wanayosimamia. Liko jambo moja katika elimu hii ambalo linatusikitisha sana: kipimo cha kimataifa kitumiwacho kupima mtetemo wa mwili mzima huishia mitetemo 80 kwa sekunde, ilhali vidole vya miguu hutikisika zaidi kwa mitetemo ipatayo 100 kwa sekunde na kuendelea. Maana yake ni kwamba mashine huweza kupimwa, ikaandikwa kuwa ni salama, na vidole vikaendelea kudhurika.

Hata yule asiyesimama juu ya jukwaa, bali hushika kekee ya kutobolea mwamba kwa mikono yake, hakuepukana na hatari, kwa sababu mishipa ya fahamu iamrishayo mishipa ya damu kujibana huamrisha mwili mzima; mkono ukitikiswa, mguu nao hubanwa. Basi mtu mwenye vidole vyeupe vya mikono na atazamwe miguu pia.

Yaliyo katika uwezo wa nyumba

Mtu wenu arudipo kazini, mvueni buti mahali penye mwanga. Tazameni rangi ya vidole, kati ya kidole na kidole, na chini ya unyayo, kwani mguu uliokufa ganzi huweza kuwa na kidonda asichokisikia mwenyewe. Mkiona vidole vimekuwa vyeupe, pigeni picha kwa simu pale pale, pamoja na saa na siku. Picha hiyo ina thamani kubwa kuliko maelezo marefu, kwa sababu mgonjwa akifika kwa tabibu rangi huwa imekwisha rejea, na tabibu haoni kitu.

Kwa habari ya mavazi, soksi za sufu zafaa kuliko za pamba, kwa sababu pamba hushika maji. Na soksi mbili nene ndani ya buti linalobana hudhuru kuliko moja, maana hukamua damu. Soksi kavu na zitiwe katika mfuko wa chakula, zibadilishwe katikati ya zamu. Jozi mbili za buti zipokezane siku, na kitambaa cha ndani kitolewe usiku kikauke. Tumbaku huibana mishipa ile ile ibanwayo na baridi, na sigara avutayo mtu kabla ya kushuka huifuata damu yake mpaka vidoleni. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu nazo huzidisha baridi ya viungo. Msiziache kwa shauri lenu, bali mwambieni tabibu.

Ikiwa kidole kimegandishwa na baridi, kikawa kigumu na kisicho na hisia, msikisugue, wala msikiweke karibu na moto, maana nyama isiyo na hisia huungua bila taarifa. Kama iko hofu ya kuganda tena njiani, kiacheni kilivyo mpaka mfike mahali pa salama. Huko, kama hospitali iko mbali, kitumbukizeni katika maji ya nyuzi 37 hadi 39, yaliyojaribiwa kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya, kwa muda wa nusu saa hivi, mpaka kilainike na rangi irejee. Kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, kwani ziko dawa za kufungua damu iliyoganda, nazo hufaa mapema tu.

Mbele ya tabibu

Mguu mmoja peke yake ukiwa baridi ghafula, mweupe, wenye maumivu makali, si maradhi ya mtetemo bali ni dharura. Mshipa mkubwa huenda umeziba, na saa chache zaweza kuamua kama mguu utapona au utakatwa. Kidonda kisichopona, au ngozi inayogeuka nyeusi, navyo havingoji.

Kwa maradhi yale ya polepole, mwelezeni tabibu yale asiyoweza kuyajua kwa kutazama: mashine gani, miaka mingapi, husimama juu yake au huishika, na saa ngapi kwa zamu. Bila maneno hayo yeye atafikiri kisukari au tumbaku, na huenda akawa sahihi nusu tu. Mwombeni apime shinikizo la damu katika vidole vya miguu, na aandike kazi katika cheti, kwa kuwa madai ya fidia hutegemea maandishi hayo. Mtu akiondolewa mapema juu ya jukwaa litikisikalo, weupe wa vidole huweza kupungua kadiri miaka ipitavyo. Lakini ganzi, ikiisha kukita, ni nadra kuondoka, na kwa hiyo barua ya kumwomba mwajiri abadilishe kazi, au aweke jukwaa lililotengwa na mashine, yafaa iandikwe mara tu picha za kwanza zinapopatikana.