Mguu Uliovunjika na Somo la Shukrani

Ndugu msomaji, neno "shukrani" ni jepesi sana mdomoni. Mtu akipewa maji husema ahsante, akipiga chafya husema Alhamdulillahi, kisha huendelea na shughuli zake kana kwamba deni limekwisha lipwa. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kundi hilo. Kwa miaka mingi nimewafundisha ndugu wapya wanaoingia katika Islam maana ya Alhamdulillahi, nikidhani kwamba nimeielewa barabara, mpaka masika ya mwaka mmoja nilipoteleza katika ngazi ya mlango wangu mwenyewe hapa Morogoro, nikavunjika mfupa wa muundi wa mguu wa kulia. Wa kulaumiwa alikuwa ni mimi. Ngazi ilikuwa imeota ukoga, nami nilikuwa nimeahidi kuisugua tangu mvua za kwanza.

Sikusudii kukuchosha kwa habari za ugonjwa wangu. Nataka tuchunguze pamoja swali moja: mtu aliyeondolewa kwa muda neema aliyoizoea, ashukuru nini, na ashukuru namna gani?

Yafaa tuanze na neno lenyewe, maana Kiarabu mara nyingi huficha somo zima ndani ya neno moja. Imam Raghib wa Isfahan, aliyeandika kamusi mashuhuri ya maneno ya Kurani Tukufu, ameeleza kwamba shukr ni kuifikiri neema na kuidhihirisha, na kwamba kinyume chake ni kufr, yaani kuisahau neema na kuifunika. Ndiyo maana katika Kiarabu hata mkulima aweza kuitwa kwa neno hilo, kwa kuwa anaifunika mbegu kwa udongo. Tena Waarabu humwita mnyama "shakuur" ikiwa unono wake waonyesha jinsi bwana wake anavyomtunza. Apewa majani haba, na mwili wake wang'aa. Basi ni dhahiri kwamba shukrani si neno la ulimi tu. Ni kukifunua kitu kilichokuwa kimefunikwa. Na kinachofunika neema zetu, ndugu msomaji, si uovu mkubwa sikuzote; mara nyingi ni mazoea matupu.

Huenda utadhani kwamba nilipolazwa na kufungwa plasta ngumu toka vidoleni hadi juu ya goti, mazoea hayo yalivunjika pamoja na mfupa. La hasha! Juma la kwanza sikushukuru kitu. Nilikuwa na maumivu, sikulala, nikamjibu mke wangu kwa ukali aliponiuliza kama nataka uji. Jirani mmoja, mtu mwema sana, alikuja kunitazama akaniambia nishukuru kwa kuwa wengine wamekatwa miguu kabisa. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini yaliniudhi, na baadaye nilijiuliza kwa nini. Ni kweli kwamba Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. ametufundisha katika mambo ya dunia kumtazama aliye chini yetu kuliko aliye juu yetu. Lakini dawa hiyo mtu hujinywesha mwenyewe. Si fimbo ya kumpigia mgonjwa kitandani. Na huyo aliyekatwa mguu naye, tutamwambia amtazame nani?

Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia habari za Urwa bin Zubair, mwanachuoni mkubwa wa Madina, aliyesafiri kwenda Sham kwa Khalifa Walid bin Abdul-Malik. Njiani mguu wake uliingia ugonjwa wa kuoza ikabidi ukatwe, na katika safari hiyo hiyo mwanawe mmoja alikufa kwa kupigwa teke na mnyama. Wanasema kwamba alipotulia alimhesabia Mola wake: katika viungo vinne kimechukuliwa kimoja vimebaki vitatu, na katika wana saba amechukuliwa mmoja wamebaki sita. Hesabu hiyo yapendeza kwa sababu aliifanya Urwa mwenyewe. Ingalifanywa na mgeni aliyekuja kumwona, ingalikuwa ni ukatili.

Basi usijilaumu, ewe uliye mgonjwa, ikiwa shukrani haikukujia siku ya kwanza. Maumivu ni maumivu. Kunywa dawa uliyopewa, lala, ngoja.

Sasa nataka nikuonyeshe jambo ambalo wengi wa wale wanaoichunguza Islam hawalijui. Wao hufikiri kwamba Nabii wa Mungu hapatwi na madhara ya kawaida, au kwamba akipatwa huponywa papo hapo kwa muujiza. Lakini Hadithi zilizo sahihi zinaeleza wazi kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliwahi kuanguka kutoka juu ya farasi akaumia, na katika riwaya moja ni mguu wake uliotenguka. Akakaa ndani akiuguza, masahaba wakaja kumzuru, nao wakamkuta akisali hali ameketi. Hebu tafakari! Huyu ndiye yule yule aliyekuwa akisimama usiku katika Sala mpaka miguu yake ikavimba, na Bibi Aisha r.a. alipomwuliza sababu ya kujitaabisha hivyo, akajibu kwamba apenda kuwa mja mwenye kushukuru. Alipokuwa na miguu mizima alishukuru kwa miguu. Miguu ilipoumia alishukuru kwa kuketi. Hakungoja apone ndipo ashukuru.

Kwa ajili ya ndugu wapya niseme machache juu ya Sala ya mgonjwa, kwani nimeona baadhi yao wakiiacha kwa kuona haya. Asiyeweza kusimama na asali ameketi, na asiyeweza kuketi na asali kwa ubavu. Hivyo ndivyo Mtume s.a.w. alivyomwelekeza sahaba wake Imran bin Husain r.a., aliyekuwa mgonjwa. Mguu wenye plasta waweza kunyooshwa mbele, hakuna aibu. Kwa rukuu utainama kidogo na kwa sijda utainama zaidi. Ama udhu, viungo vizima vioshwe, na juu ya plasta mkono wenye unyevu upitishwe tu. Msiiloweshe! Plasta ya jasi ikilowa hulegea, na kazi yake ni kuwa ngumu. Na kama hata unyevu huo utadhuru, ipo tayammamu.

Haya, turudi kwenye neema zilizofunikwa. Katika juma la tatu nilitolewa barazani asubuhi kwa mara ya kwanza, nikaketi kitini, mguu juu ya kigoda. Nyumba yetu yatazama milima ya Uluguru. Nimeishi hapa zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuona jinsi wingu linavyoondoka juu ya mlima ule. Halipandi lote kwa pamoja; hupasuka, mabonde yaonekana kwanza, kisha miamba, na mara nyingine kilele hakionekani kabisa mpaka adhuhuri. Nililetewa chai ya tangawizi. Chai hiyo nimeinywa maelfu ya mara, lakini nikiwa nimesimama, nikitafuta viatu, nikiulizia ufunguo. Siku ile niliinywa nikajua ina ladha gani. Ndani nilisikia mtu akikuna nazi, na kwa jirani mtoto akikariri jedwali la saba na kukosea mahali pale pale. Machozi yalinitoka, sikujua kwa nini, nikajisingizia moshi.

Yapo mengine madogo hata nahofia utayacheka. Kugeuka upande usiku bila kumwamsha mtu. Kuoga mwenyewe, hali mguu umefungwa mfuko wa nailoni na ndoo iko karibu. Kujikuna! Chini ya plasta ngozi huwasha mno, na mtu hushawishika kuingiza kijiti. Nakuonya usifanye hivyo, kwani kidonda kikitokea humo ndani hakionekani wala hakitibiki kwa urahisi.

Mtume s.a.w. amesema kwamba zipo neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo: afya na nafasi. Nilikuwa nikiisoma Hadithi hiyo kama onyo kwa vijana wavivu. Barazani nikaona kwamba mguu uliovunjika huichukua ya kwanza na kukupa ya pili, tena tele, na kwamba sikuwahi kuwa na nafasi ya kutosha ya kuitazama chai.

Na katika wakati huo huo kazi kubwa ilikuwa ikifanyika ndani ya mguu bila amri yangu. Madaktari wanaeleza kwamba mfupa ukivunjika, damu hukusanyika na kuganda pale palipovunjika. Baada ya majuma mawili au matatu huota hapo tishu laini inayoziunganisha ncha mbili; kisha tishu hiyo hugeuka polepole kuwa mfupa, na kwa muda wa miezi mingi, pengine miaka, mwili huuchonga mfupa huo mpya urudie umbo lake. Plasta haiponyeshi, huushika mguu utulie tu. Hata hivyo aliyeibuni anastahili ahsante yetu, maana tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Kabla yake watu wengi walifungwa mabanzi. Ni daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, ambaye mwaka 1851 alianza kutumia bendeji zilizopakwa unga wa jasi, zikiloweshwa maji zikakauka katika dakika chache. Kila aliyetembea tena baada ya kufungwa plasta ana deni kwa mtu huyo, wala wengi hawamjui jina.

Huenda mtu atauliza: shukrani ya kunywa chai na kutazama mlima yamfaa nini Mwenyezi Mungu? Jibu ni kwamba haimfai kitu. Kurani Tukufu, katika Sura Luqman, imeeleza wazi kwamba mwenye kushukuru hushukuru kwa faida ya nafsi yake. Tena tumefundishwa kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo mia tatu na sitini, na kwamba kila kiungo chadaiwa sadaka kila siku. Sadaka hiyo si fedha. Hata neno jema limo, hata kumwondolea mwenzio kitu cha kumdhuru njiani. Mimi nilikuwa na viungo kadhaa vilivyofungwa, lakini ulimi ulikuwa mzima. Nikamwita yule mtoto wa jirani tukaliendea jedwali la saba pamoja kila jioni. Na ngazi ile ya ukoga niliomba isuguliwe kwa mchanga mbele ya macho yangu.

Plasta ilipokatwa, shavu la mguu lilikuwa limenywea hata nikadhani si langu. Nilijifunza kutembea kwa magongo mawili, kisha gongo moja, kisha bakora. Hatua za kwanza kutoka kitandani hadi mlangoni nilizihesabu, zilikuwa tisa.

Lakini nikueleze na hili, usije ukadhani nimekuwa walii. Miezi miwili baadaye, nikiwa natembea vizuri, nilitoka asubuhi moja kwa haraka, chai haijawa tayari, nikamkemea mjukuu wangu kwa sauti ya juu. Alisimama na birika mkononi, akitazama mguu wangu. Nikavua viatu, nikaketi kwenye kile kiti cha barazani, nikamwita aje na vikombe viwili, nikamwomba radhi. Tulikunywa polepole. Mlima ulikuwa bado umefunikwa, basi tukakaa tukausubiri.