Makato ya Mshahara ni Amana: Mambo Yampasayo Mwajiri

Katika Adu, kama katika sehemu nyingine za Magarini, mwajiri si lazima awe kampuni kubwa. Mwenye duka aliye na karani mmoja, mwenye ng'ombe aliye na mchunga mmoja, na mwenye lori aliye na dereva na utingo, wote ni waajiri. Sheria inayowahusu ni ile ile inayowahusu wenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na wenye hoteli za Malindi. Kwa hiyo yafaa kila mmoja wao aelewe ni kitu gani kinachotakiwa kwake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni maana ya makato. Makato ni sehemu ya mshahara ambayo mwajiri huizuia ili aipeleke mahali panapohusika kwa jina la mfanyakazi. Fedha hizo si mali ya mwajiri, wala si mkopo wa kuongezea bidhaa dukani. Ni amana, na amana haina budi kufika kwa mwenyewe.

Kwa kanuni zilizotumika mwaka 2025, makato makubwa yalikuwa manne. La kwanza ni kodi ya mapato, iitwayo P.A.Y.E., ambayo hupelekwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Mtu mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hakatwi kodi hiyo, kwa sababu kila mkazi hupewa nafuu ya shilingi 2,400 kila mwezi. La pili ni akiba ya uzeeni ya N.S.S.F.: mfanyakazi hutoa 6 kwa mia ya mshahara, na mwajiri huongeza 6 kwa mia kutoka mfukoni mwake. La tatu ni bima ya afya, iliyoshika mahali pa N.H.I.F. mwezi wa Oktoba 2024: mfanyakazi hutoa 2.75 kwa mia, lakini si chini ya shilingi 300, na mwajiri haongezi kitu. La nne ni ushuru wa nyumba, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2024: kila upande hutoa moja na nusu kwa mia.

Tutwae mfano wa karani wa duka anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi. N.S.S.F. ni shilingi 1,200, bima ya afya 550, na nyumba 300. Jumla ya makato ni shilingi 2,050, na karani hupokea mkononi shilingi 17,950. Mwajiri naye huongeza 1,200 za N.S.S.F. na 300 za nyumba, yaani shilingi 1,500. Hivyo fedha zinazopaswa kupelekwa kwa ajili ya mtu huyo mmoja ni shilingi 3,550. Mwajiri mwangalifu huzipeleka zote ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Mwajiri asiyepeleka hujiletea hasara. Anayechelewa kuleta hesabu ya P.A.Y.E. hutozwa faini ya robo ya kodi iliyopaswa, au shilingi 10,000, kwa kutegemea ipi iliyo kubwa. Tena Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba anayekata fedha katika mshahara kisha asizipeleke ana hatia, na aweza kutozwa hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miaka miwili, au yote mawili. Lakini hasara ya mfanyakazi ni chungu zaidi. Hukatwa kila mwezi akiamini kuwa amelindwa. Siku mtoto anapougua usiku, ndipo anapoambiwa hospitalini kwamba fedha zake hazikufika.

Wako waajiri wanaosema, "Huyu ni kibarua tu." Neno hilo latokana na barua, yaani kile kikaratasi cha kuhesabia siku alizofanya kazi mtu. Sheria nayo huzihesabu siku hizo. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo hata siku zake zikatimia mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi, na haki zake hubadilika. Naye anayeajiriwa kwa miezi mitatu au zaidi apaswa kupewa mapatano ya kazi kwa maandishi. Kumwita mtu kibarua kwa muda wa miaka miwili hakumwondolei mwajiri wajibu wake.

Mbali na fedha, ziko haki nyingine: siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo baada ya kila miezi 12, likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama, na majuma mawili kwa baba. Kila mshahara ulipwapo, mfanyakazi apewe karatasi ionyeshayo mshahara wote, kila kato na sababu yake, na kilichobaki.

Karatasi hiyo ndogo ndiyo kinga ya wote wawili. Mfanyakazi aiweke vizuri, kisha aulize N.S.S.F. na Mamlaka ya Afya ya Jamii kama fedha zake zimefika. Zisipofika, amwulize mwajiri kwa heshima. Asipopata jibu la kuridhisha, apeleke habari kwa afisa wa kazi. Mahakama ya Ajira na Kazi iko Malindi, lakini madai mengi ya kazi hayana budi kufunguliwa kabla ya miaka mitatu kupita. Mwajiri naye aliyetunza hesabu zake hana la kuogopa akiitwa. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.