Pave zinazozama uani

Swali: Fundi, pave za uani kwangu Butembo zimezama kabla ya mwaka kwisha. Je, ni baridi yetu ya milimani?

Jibu: Hapana, mama. Butembo iko juu ya mita 1,700, lakini maji hayagandi ardhini yakapasua zege. Kinachokuumiza ni mvua inayolainisha udongo mwekundu chini. Ng'oa zote. Chimba sentimita 25 hivi, shindilia, mwaga kokoto sentimita 15, shindilia tena, kisha mchanga sentimita 3 tu. Nimeona mafundi wengi wakisawazisha mashimo kwa mchanga, na hapo ndipo pave huzama. Mwinamo uwe sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mtaroni, si kwa jirani wa bondeni. Funga kingo kwa zege. Hata Beni, penye joto zaidi, kazi ni ileile.