Mazishi ya Baba Mtakatifu Yatufundisha Nini?

Mara nyingi twasikia watu wakisema: “Mazishi yale yalikuwa makubwa.” Maana yao ni wingi wa watu, ubora wa jeneza na urefu wa hotuba. Je, Kanisa nalo hupima hivyo? Na tutazame jinsi linavyomzika mchungaji wake mkuu.

Papa Fransisko alifariki dunia tarehe 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka, akiwa na umri wa miaka 88. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha kuidhinisha taratibu mpya za mazishi ya Mapapa. Zamani maiti ya Papa ilitiwa katika majeneza matatu, moja ndani ya jingine: la mberoshi, la risasi na la mwaloni. Sasa ni moja tu la mbao, lenye zinki ndani. Zamani maiti ililazwa juu ya jukwaa ili watu waje kuiaga. Sasa waamini humwaga akiwa ndani ya jeneza lililo wazi.

Lakini sala hazikuondolewa. Vituo vya ibada vimebaki vitatu: nyumbani, kanisani na kaburini. Kabla ya jeneza kufungwa, uso wake ulifunikwa kwa kitambaa cheupe cha hariri. Tarehe 26 Aprili Kardinali Giovanni Battista Re aliongoza Misa katika uwanja wa Mt. Petro. Jeneza liliwekwa chini, na juu yake Kitabu cha Injili kikiwa wazi. Kisha akapelekwa Basilika ya Bikira Maria Mkuu, mahali alipopachagua mwenyewe, na kundi la maskini likampokea ngazini. Kaburi lake lina neno moja tu: FRANCISCUS. Misa za kumwombea, kwa kuanzia na hiyo ya mazishi, ziliadhimishwa siku tisa mfululizo.

Hapo ndipo penye fundisho. Ikiwa Papa aliombewa siku tisa, ni nani kati yetu atakayetosheka kwa sifa za wanadamu? Kwetu mara nyingine mjane huachiwa deni la jeneza la fahari, na turubai likisha kukunjwa, hakuna anayemwombea marehemu hata Misa moja. Basi, anayepanga mazishi aanze na sala. Yanayobaki yapimwe kwa uwezo wa nyumba, wala pasiwe na aibu. Jeneza la kawaida halimpunguzii marehemu kitu. Kusahauliwa katika sala ndiko kunakompunguzia.