KADI YA MTANDAO IKINYAMAZA: MSIKIMBILIE KUNUNUA NYINGINE



Somo letu leo ni la vikundi vyenye kompyuta kuu ya ofisi, inayotunza hesabu na kutumiwa na kompyuta zingine kupitia mtandao. Tunazungumzia ile inayoendeshwa na Linux.

Asubuhi kazi inaenda vizuri. Mchana mweka hazina anataka kufungua hesabu za maziwa, lakini kompyuta kuu haijibu. Ukiizima na kuiwasha inarudi, kisha kesho inanyamaza tena. Wengi husema, "Kadi imekufa, tununue nyingine." Basi pesa za wanachama zinatoka, kadi mpya inawekwa, na shida inabaki pale pale.

Kwa nini hutokea

Kadi ya mtandao ni mlango wa habari. Habari ikifika, kadi hupiga hodi kwa prosesa, ambayo ni kama karani. Karani akisikia, huacha kidogo kazi aliyokuwa nayo na kuipokea habari. Kompyuta yenye prosesa mbili au zaidi ina makarani kadhaa, kwa hivyo kuna sehemu iitwayo APIC, kama bawabu, inayopeleka hodi kwa karani anayehusika. Bawabu akikosea, hodi hupotea. Kadi inangoja, makarani nao wanangoja. Hakuna kilichoharibika, lakini kazi imesimama.

Linux ilianza kutumia prosesa zaidi ya moja katika toleo la 2.0, mwaka 1996. Siku hizi hata kompyuta ndogo huwa na makarani kadhaa.

Hatua za kufuata

1. Anzeni na kebo. Angalieni taa ndogo ya kadi. Wekeni kebo mnayojua ni nzima, na mjaribu tundu lingine kwenye swichi ya mtandao. Kama kompyuta zote zimekatika, huenda shida si kadi.

2. Msizime kwanza. Ukizima, ushahidi unaweza kupotea. Andika amri dmesg usome taarifa za mwisho. Ukiona maneno NETDEV WATCHDOG, maana yake kadi imeshindwa kutuma habari kwa muda uliowekwa. Yanakiliwe kwenye daftari pamoja na saa.

3. Hesabuni hodi. Andika cat /proc/interrupts. Tafuta mstari wenye jina la kadi, kwa mfano eth0, na uandike namba zake. Mwenzako ajaribu kuifikia kompyuta hiyo kutoka nyingine, kisha usome tena. Namba zikiongezeka, hodi zinafika. Kagueni anwani na mipangilio. Zikikwama, huenda hodi zinapotea njiani.

4. Mpumzisheni bawabu. Hifadhini hesabu kwenye flashi kwanza. Wakati wa kuwasha, ongezeni neno noapic mwisho wa mstari wa kuanzisha Linux. Hodi zitapita njia ya zamani. Likiandikwa hapo wakati wa kuwasha, neno hilo hutumika mara hiyo moja tu. Kama mashine ikikataa kuwaka, iwasheni upya bila hilo neno.

5. Amueni. Kadi ikifanya kazi siku kadhaa bila kukwama, yaelekea ni nzima. Mwombeni fundi aihamishie tundu lingine, au aweke toleo jipya la Linux. Akitaka kubadilisha programu ya ubao mkuu, BIOS, hakikisheni stima haitapotea katikati, maana mashine inaweza kukataa kuwaka kabisa. Kadi ikizidi kukwama, ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine. Ikikwama huko pia, sasa nunueni.

Jambo la kukumbuka

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kebo, kadi na programu siku moja, hutajua ni kipi kilichoponya. Haraka haraka haina baraka. Na daftari la karatasi liendelee kuandikwa: mama aliyeleta maziwa alfajiri asikose malipo yake kwa sababu mashine imenyamaza.

Maswali ya kujadiliana

- Katika kikundi chetu, nani huandika shida za kompyuta, na wapi?
- Kabla ya kuidhinisha pesa za kifaa kipya, tunamwuliza fundi amethibitisha vipi kwamba cha zamani kimeharibika?
- Kompyuta ikikwama siku ya malipo, tutalipa wanachama kwa kutumia kumbukumbu gani?